Kibonyezo Bubu

Jina tulilitoa posta ya Rijeka,
dirisha la tatu, ambako karani
hakuwahi kuimaliza kahawa yake.
Dirisha la Tatu: Livio, Ognjen, Berto, nami,
mimi Tihana wa kinanda cha mkopo,
miaka ishirini na mmoja, nywele nimezinyoa upande mmoja
hadi mama akafunika kioo.

Mazoezi yalikuwa chini ya chumba cha kufulia cha hospitali.
Mashine zilizungusha mashuka juu ya vichwa vyetu
na Berto akauiba mwendo wake.
Isikilize santuri ya kwanza: ngoma ile
ni shuka la mgonjwa linakamuliwa.

Wimbi jipya, yakatuandika magazeti ya Zagreb.
Baba, katoka zamu kiwanda cha karatasi,
akauliza: la zamani limeenda wapi?
Hata hivyo alituletea karatasi za majalada
chini ya koti, mia tano, zenye kasoro.
Wino ukachuruzika, na Livio pichani
akaonekana analia. Watu wakasema ni usanii.

Mwaka wa themanini na mbili bia ilimwagika.
Kibonyezo kimoja kikafa, so ya chini.
Pesa ya fundi hatukuwa nayo,
basi nyimbo zote zilizofuata nilizitunga nikikiruka,
kama mtu arukavyo ngazi iliyooza
nyumbani kwao, gizani, bila kufikiri.
Mhakiki mmoja wa Ljubljana akajaza kurasa mbili
juu ya ukimya wetu wa makusudi.
Tulicheka mpaka Ognjen akatapika.

Halafu? Halafu tarumbeta.
Livio alitaka tarumbeta, suti nyeupe, nyimbo za ufukweni.
Berto akaitwa jeshini, akarudi haongei.
Tuligombana kwenye maegesho, Karlovac, mvua inanyesha,
kwa bahasha ya pesa isiyotosha hata petroli.
Hakuna aliyesema tumevunjika.
Kila mtu alikusanya nyaya zake.

Baadaye nchi nayo ikakusanya nyaya zake.
Ognjen alikuwa kwao Zrenjanin, ng'ambo ya mpaka
tuliokuwa tukiupita tumelala garini
bila kujua kwamba ni mpaka.
Simu hazikupita. Shangazi yake, Trieste,
akashika vipokeo viwili, kimoja kila sikio,
akawa anarudia:
Anauliza kama u hai.
Anasema ndiyo.
Anauliza besi iko wapi.
Anasema ameibadilisha kwa unga.

Tulirudiana mara tatu.
Ya kwanza, Ljubljana, watu arobaini, kumi wao ndugu zetu.
Ognjen alipanga foleni ya viza siku mbili,
akaniandikia: nadhani karani ni yuleyule.
Ya pili, tamasha, jua la saa tisa, mdhamini benki;
watoto walilamba aiskrimu wakingoja bendi nyingine.
Ya tatu, Berto tumeshamzika Kozala.
Mwanawe Dorijan akakaa kwenye ngoma
akayapiga mashuka yaleyale ya hospitali
ambayo hakuwahi kuyasikia yakizunguka.
Sikuweza kumtazama. Nilitazama viatu vyake.

Usiku huo Livio alisahau ubeti.
Aliwageuzia watu maikrofoni wamsaidie;
nao walikuwa wamesahau.
Akasimama pale, mzee mwenye tumbo, katikati ya taa,
akaanza kucheka, ukumbi mzima ukamfuata,
na sidhani tumewahi kupiga vizuri zaidi.

Jambo moja zaidi.
Fundi wa Opatija, shabiki wa zamani,
alikuwa amenitengenezea kinanda, zawadi.
So ya chini sasa inalia, safi, nzito.
Niliijaribu mara moja, mchana, viti vitupu.
Ognjen akainua kichwa kutoka kwenye besi ya kuazima.
Nani huyo? akauliza.

Usiku, kidole kikafika pale,
kikaruka.